Maharamia wa Nchi Kavu

Jumapili ya tarehe 24 Aprili 2022 mtaa wetu ulilala mapema. Simba walikuwa wamekwenda Afrika Kusini na akiba ya bao moja, penalti aliyoifunga Shomari Kapombe wiki moja kabla katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kule Soweto mambo yakageuka. Chris Mugalu akalambwa kadi nyekundu, Kwame Peprah akasawazisha hesabu, na matuta yakamaliza kazi: Orlando Pirates 4, Simba 3. Televisheni zikazimwa, watu wakaanza kutafuta mchezaji wa kubebeshwa lawama, kama ilivyo ada.

Kijana wa jirani, ambaye hakuwa na uchungu kwa kuwa ni mtu wa Yanga, ndiye aliyeuliza. "Mjomba, hivi kwa nini hawa jamaa wanavaa fuvu? Si ile alama ya kwenye transfoma, ile ya hatari?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba Pirates maana yake ni maharamia, na fuvu lenye mifupa miwili ndiyo bendera ya maharamia. Jibu lilimtosha yeye, mimi halikunitosha. Maharamia ni watu wa bahari. Soweto iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko mpaka ufukwe wa Durban ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mtu wa Orlando aliweza kuzaliwa, kufanya kazi na kuzikwa bila kuliona wimbi hata moja. Walipataje kuwa maharamia?

Orlando ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kusini magharibi mwa Johannesburg, ikapewa jina la Edwin Orlando Leake, mmoja wa vigogo wa baraza la jiji. Soweto yenyewe ilikuwa haijapata jina. Hilo lilikuja mwaka 1963, na si jina la ukoo wala la mto, bali kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema tu kwamba hivi ni vitongoji vya kusini magharibi. Johannesburg ni jiji lililoota juu ya dhahabu. Lilitaka mikono ya Waafrika tangu alfajiri hadi jioni, lakini jua likizama halikutaka kuwaona. Wakajengewa vijumba vinavyofanana, safu kwa safu, mbali na mitaa ya Wazungu lakini karibu na reli, treni iwachukue asubuhi na kuwarudisha usiku. Baba na mama wakishapanda treni, watoto walibaki na vumbi.

Humo vumbini, mwaka 1937, ndimo klabu ilimozaliwa. Vijana walianza kucheza chini ya klabu ya vijana ya kitongoji, Orlando Boys Club. Walicheza pekupeku, jezi hawana. Aliyewalea alikuwa Andries Mkhwanazi, mwalimu wa ndondi, ambaye watu walimwita Pele Pele. Jina hilo halikutoka kwa Pele wa Brazil, maana huyo alizaliwa 1940, miaka mitatu baada ya klabu hii. Haukupita muda mrefu vijana wale wakajitoa Boys Club, wakahamishia vikao vyao nyumbani kwa Mkhwanazi. Ilikuwa ni enzi za filamu ya Marekani iitwayo The Sea Hawk, iliyotoka 1940, Errol Flynn akiwa nahodha wa meli inayovamia meli za wakubwa. Kijana mmoja wa kundi lile, Andrew Bassie, ndiye anayetajwa kuwa alilileta jina. Wametoka kwa wenyewe, hawana bandari, hawana anayewatuma. Basi na wawe maharamia, Orlando Pirates. Bethuel Mokgosinyana, mtu mzima wa hapo Orlando, akawa rais wao wa kwanza.

Namwomba msomaji alishike neno hilo: walijitoa. Nimeisoma historia ya klabu hii kutoka kila upande, na kila mara narudi kwenye kitendo hicho cha kwanza. Ni klabu iliyozaliwa kwa kuondoka, na kwa miaka yote iliyofuata watoto wake nao wakaondoka, kila aliyeondoka akijenga nyumba mpya.

Na haikuwa tabia ya wacheza mpira peke yao. Mwaka 1944, wakati vita kuu vilipokuwa vimelijaza jiji watafuta kazi, Orlando watu walikuwa wanapanga mpaka jikoni. James Mpanza akawaongoza maelfu ya wapangaji kutoka katika nyumba hizo, wakajijengea vibanda vya magunia kwenye ardhi ya wazi ya halmashauri, bila ruhusa ya mtu. Chama chake kiliitwa Sofasonke, yaani tutakufa pamoja. Huo ndio uliokuwa mtaa wa Pirates. Ukinyimwa nafasi, hukai ukingoja. Unatoka, unasimamisha yako.

Rangi zao ni nyeusi na nyeupe, na sifa wanayopigiwa na mashabiki kwa Kizulu ni Ezimnyama Ngenkani, weusi kwa ukaidi. Hebu ipime sifa hiyo kwa mizani ya zama zake. Nchi ambamo rangi ya ngozi iliandikwa katika kipande ulichotembea nacho, kikaguliwe na polisi kila kona ili ukatazwe kupita, hapo hapo watu wanajaza uwanja na kuushangilia weusi kwa sauti moja. Hawakuwa na kura. Walikuwa na timu.

Uwanja wenyewe, Orlando Stadium, ulifunguliwa 1959, wa kuchukua watu 24,000 hivi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, ukumbi wa jumuiya wa Orlando ulikuwa na mwanasheria kijana aliyekuwa akija jioni kufanya mazoezi ya ndondi. Nyumba yake ilikuwa Orlando West, namba 8115, na jina lake Nelson Mandela.

Mtu aliyeubeba uwanja ule katika macho ya watoto alikuwa nahodha Eric Sono, waliyemwita Scara. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1964. Aliacha mtoto wa kiume, Matsilele, aliyelelewa na babu na bibi katika umaskini, akiuza matunda na karanga kwenye vituo vya treni na viwanjani, yaani akiwapitia kapu la karanga watu wale wale waliokuwa wakimshangilia baba yake. Siku zikaenda, kapu akaliweka chini, akaingia uwanjani na jezi ya baba yake. Shabiki mmoja alipoiona namna anavyowaongoza wenzake, akamfananisha na rais wa Kenya wa wakati ule, akamwita Jomo. Jina likamganda. Leo Afrika Kusini yote inamjua kuwa ni Jomo Sono, na wengi hawajui kwamba ana jina lingine.

Hapa nataka nitue kidogo. Langoni mwa Pirates wa enzi hizo alisimama kipa Patson Banda, na yeye aliitwa Kamuzu, kama rais wa Malawi wa wakati ule. Jomo mbele, Kamuzu nyuma. Afrika Kusini ilikuwa imesimamishwa na FIFA mwaka 1961 na ikafukuzwa kabisa mwaka 1976, kwa haki, kwa sababu ya ubaguzi wa Makaburu. Adhabu ile ilimfikia pia mtoto wa Orlando ambaye hakumbagua mtu yeyote. Hakuweza kucheza na Kenya, wala Malawi, wala Tanzania. Wakati huo huo vitabu vilipigwa marufuku, viongozi wako kisiwani Robben. Lakini watu wa kitongojini walikuwa na habari za bara lao. Walizipitisha kwa majina ya utani ya wachezaji wa mpira, na hakuna sheria iliyowazuia kuyapaza jukwaani.

Kuhusu Jomo kuna kisa kinachosimuliwa Soweto kama sisi tunavyosimulia mabao ya mechi za watani. Inasemwa kwamba siku ya harusi yake Pirates walikuwa wanacheza na Highlands Park, klabu iliyotokana na ligi ya Wazungu, na Pirates wako nyuma kwa mabao mawili. Ujumbe ukafika kwenye sherehe. Bwana harusi akaacha kila kitu, akaenda uwanjani, akavaa jezi, Pirates wakashinda, naye akarudi kwa bibi harusi. Mwaka 1977 aliondoka kwenda kuchezea New York Cosmos, alikokuwa Pele. Aliporudi na fedha zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliinunua klabu ile ile ya Highlands Park, akaifuta jina, akaiita Jomo Cosmos. Muuza karanga wa Orlando akawa mwenye mali ya Wazungu, ubaguzi ukiwa bado uko madarakani. Mwaka 1987 Cosmos wakachukua ubingwa wa nchi, wakati Pirates, klabu iliyomlea mwenye timu, ilikuwa imekaa tangu 1976 bila kuugusa.

Lakini aliyeondoka na kuacha pengo kubwa kuliko wote alikuwa mwingine. Kaizer Motaung, mtoto wa Orlando East, alianza kuichezea Pirates akiwa na miaka 16. Mwaka 1968 alichukuliwa na Atlanta Chiefs ya Marekani, na msimu ule ule timu ikawa bingwa wa ligi na yeye akatajwa kuwa mchezaji mpya bora. Aliporudi nyumbani alikuta Pirates wamegombana wao kwa wao na baadhi ya wenzake wamefukuzwa, akiwemo Ratha Mokgoatlheng. Ukatokea mvutano, upatanisho ukashindikana. Kaizer akawakusanya waliofukuzwa, pamoja na kiongozi Ewert Nene, wakaanza kucheza mechi za kirafiki kwa jina la Kaizer XI. Januari 1970 timu hiyo ikawa Kaizer Chiefs, nusu ya jina ikiwa yake mwenyewe na nusu ya pili ameitoa Atlanta.

Msomaji wa Kariakoo hahitaji maelezo marefu. Anajua jinsi Simba walivyotoka ubavuni mwa Yanga mwaka 1936, mwaka mmoja tu kabla ya vijana wa Orlando kuanza kucheza mpira wao. Anajua nyumba ambamo mume ana timu yake na mke ana yake, na siku ya mechi chakula kinapikwa kwa kununiana. Soweto ilikuwa vivyo hivyo, ila ule ulikuwa mtaa mmoja kabisa, baba Pirates, mtoto Chiefs, na katikati yao hakuna hata barabara. Mechi ya kwanza ya watani hao ilichezwa mwezi ule ule wa Januari 1970. Tangu hapo hakuna mechi nyingine kusini mwa Afrika inayoifikia kwa kuwatoa watu majumbani.

Nimewasikia watu wakisema mgogoro ule uliiua Pirates. Sikubaliani nao. Mwaka 1971 ilipoundwa ligi ya kulipwa ya Waafrika, Pirates ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Wakauchukua ubingwa tena 1973, 1975 na 1976. Kupata mpinzani wa damu moja kuliwaamsha. Walichokosa ni amani ya ndani, na hicho hawakuwahi kuwa nacho tangu siku ile walipotoka Boys Club. Na kugombea wachezaji kulikuwa na gharama: mwaka huo wa 1976, Ewert Nene wa Chiefs aliuawa kwa kisu huko KwaThema, alikokwenda kumsajili kijana mwenye kipaji, Nelson Dladla.

Mwaka 1976 Soweto haiusahau kwa sababu nyingine. Asubuhi ya Juni 16 wanafunzi walitoka madarasani kwa maelfu, wakikataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu. Walikuwa na safari moja: waandamane mpaka Orlando Stadium. Hawakufika. Polisi waliwafyatulia risasi Orlando West, na Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akawa miongoni mwa waliouawa. Kila ninapoona picha za uwanja ule nakumbuka kwamba watoto hawakuchagua ofisi ya serikali wala kituo cha polisi kuwa mwisho wa maandamano yao. Walichagua uwanja wa mpira, kwa kuwa ndilo eneo pekee kubwa waliloliona kuwa lao.

Miaka ya 1980 nitaipita haraka. Ilikuwa miaka ya kugombea umiliki, viongozi kupelekana mahakamani, na vikombe vichache. Mambo yalianza kutulia Irvin Khoza aliposhika usukani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 1994, mwaka wa kura ya kwanza ya wote, Pirates wakawa mabingwa wa nchi baada ya miaka 18. Ubingwa huo uliwapa tiketi ya kwenda mahali ambapo Jomo na Kamuzu hawakuruhusiwa kufika: Afrika.

Katika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1995 waliwatoa Express ya Kampala. Fainali wakakutana na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Mechi ya kwanza, Johannesburg, ikaisha 2-2, na hesabu za wataalamu zikawa zimefungwa: nani atakwenda Abidjan akatoke na kombe? Desemba 16 Pirates wakaingia uwanjani huko ugenini na kikosi ambacho langoni kilikuwa na Mnigeria William Okpara, na nyuma kilikuwa na Mzungu, Mark Fish, kipenzi cha jukwaa zima la Soweto. Likapatikana bao moja tu, la Jerry Sikhosana. Likatosha.

Tarehe hiyo nayo ina habari yake. Kwa zaidi ya karne moja Makaburu waliadhimisha Desemba 16 kwa kukumbuka jinsi walivyowashinda Wazulu mwaka 1838. Serikali mpya iliigeuza kuwa Siku ya Maridhiano, na mwaka 1995 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Sikukuu ya kwanza ya maridhiano ya Afrika Kusini iliishia usiku kwa maharamia wa Orlando kubeba kombe la Afrika. Wiki saba baadaye Bafana Bafana, wakiwa na Mark Fish, John Moeti na Helman Mkhalele wa Pirates, wakachukua Kombe la Mataifa. Ilipita miaka 21 kabla ya klabu nyingine ya nchi hiyo, Mamelodi Sundowns mwaka 2016, kulifikia jambo walilofanya Pirates Abidjan.

Baada ya hapo vikombe vilikuja kwa mafungu. Ligi ya 2001, ya 2003, kisha misimu miwili mfululizo ya 2011 na 2012, kila msimu wakibeba vikombe vitatu. Halafu wakakaa zaidi ya miaka kumi bila ubingwa wa ligi. Makocha walikuja na kuondoka, akiwemo Micho, yule Mserbia ambaye Kampala wanamjua kwa SC Villa na timu ya taifa na Dar es Salaam wanamkumbuka Yanga. Pirates alifundisha mara mbili. Mwaka 2013 walifika tena fainali ya Afrika, wakafungwa na Al Ahly mjini Cairo.

Nimesema habari za walioondoka kwa miguu yao. Wapo walioondolewa na kifo.

Januari 13, 1991, katika mji wa migodi wa Orkney, Pirates na Chiefs walicheza mechi ya kirafiki. Bao moja likazua ubishi, vurugu zikaanza jukwaani, watu wakakimbilia kwenye uzio wakabanwa. Walikufa 42. Miaka kumi baadaye, Aprili 11, 2001, timu hizo hizo zilikutana Ellis Park, Johannesburg. Uwanja ulikuwa wa watu 60,000 hivi na ulishajaa, nje maelfu kwa maelfu wanasukuma waingie. Mchezo ukiwa 1-1, wale wa nje wakawaelemea wa ndani. Walikufa 43, na miili yao ikalazwa kwenye nyasi, pale pale ulipokuwa unachezwa mpira. Jumlisha: watu 85 katika mechi mbili za watani, watu waliokuwa wametoka nyumbani kwenda kushangilia. Ningependa majina yao yasomwe kila mwaka kabla ya mpira kuanza, kwa sababu klabu hizi mbili ni za mashabiki kama wao kabla ya kuwa za wachezaji, na kombe lolote kabatini halina uzito wa hata mmoja wao.

Oktoba 26, 2014, nahodha Senzo Meyiwa, miaka 27, alipigwa risasi na kufa ndani ya nyumba huko Vosloorus. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameokoa penalti Lubumbashi mbele ya TP Mazembe, timu iliyokuwa na Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, akaivusha Pirates kwenye safari ile ya fainali ya Cairo. Kesi ya mauaji yake ilianza kusikilizwa mahakamani mwaka 2022, zaidi ya miaka saba baada ya kuzikwa.

Na kabla yake kulikuwa na Lesley Manyathela, kijana wa Musina, kaskazini kabisa, mpakani na Zimbabwe. Msimu wa 2002/03 ndiye aliyeongoza kwa mabao katika ligi, Pirates wakawa mabingwa. Agosti 9, 2003 alikufa kwa ajali ya gari katika mji wa kwao, ana miaka 21. Orlando Pirates waliistaafisha jezi yake, namba 19.